Sahani ya Ng'ambo

Edinah Nakhungu alikuwa na sheria moja ambayo kwa miaka minne hakuivunja: hakukaa mahali pamoja na mume wa binti yake. Hakumtazama usoni, hakumpa mkono, hakula mbele yake wala hakumwangalia akila. Akimwona anakuja kwa njia hii, alijifunika leso kichwani na kushika njia nyingine. Kwa Wabukusu wa rika lake hilo si jambo la ajabu. Mama mkwe na mkwe huheshimiana kwa kukaa mbali, na wanaamini kwamba umbali huo ndio unaoilinda ndoa ya binti. Hivyo ndivyo mama yake alivyomfundisha huko Chwele, na mama yake hakuwa mtu wa kusema jambo mara mbili.

Shida ni kwamba mkwe mwenyewe aliuza viazi hatua ishirini kutoka mlangoni pake.

Edinah ana kibanda cha chakula sokoni Kitale, safu ya nyuma, kati ya wauza nafaka na wauza viazi. Ni nguzo nane, mabati juu, benchi sita na meza tatu zilizofunikwa plastiki yenye maua. Jikoni kumetengwa kwa magunia yaliyoshonwa pamoja. Hakuna bango. Watu husema tu "kwa Mama Mary", kwa sababu binti yake wa pekee anaitwa Mary Ann. Mimi nimekula pale kwa miaka kumi na mmoja, maana ofisi ya ushirika ninakofanya kazi iko nyuma ya ukuta wa soko. Mengi ya haya niliyaona mwenyewe. Mengine nimeambiwa na waliokuwepo, na nimewauliza zaidi ya mara moja.

Chakula chake ni cha watu wa mapato madogo, na hakuna anayekula vibaya. Kuna ugali wa mahindi na ule wa mtama na muhogo. Kuna dagaa wa omena kila siku, matumbo Jumatatu na Jumanne, kuku wa kienyeji Jumamosi. Mboga yake ya mrenda hupikwa na majani ya kunde na kulainishwa kwa maji ya majivu ya maganda ya maharagwe, ambayo Edinah huyachuja mwenyewe kwenye mkebe uliotobolewa chini. Wengine sokoni hutumia magadi ya dukani kwa sababu ni haraka. Yeye hajawahi kutumia magadi, na ukimuuliza kwa nini atakuangalia kama mtu aliyemuuliza kwa nini haibi.

Jumatano ni siku ya kamaleya. Haya ni machipukizi ya mianzi kutoka Mlima Elgon, yaliyokaushwa kwa moshi mpaka yakawa ya kahawia na magumu. Huyaloweka siku nzima, huyachemsha, huyachambua nyuzi nyuzi, kisha huyapika kwa karanga zilizosagwa. Ladha yake ni ya moshi kwanza, halafu karanga, halafu kitu kichungu kidogo mwishoni ambacho mtu akikizoea hukitafuta. Alhamisi hafungui kibanda mapema. Anamwachia Phelista, mwanamke aliyefanya kazi naye tangu mwanzo, na yeye huenda Lwakhakha, mpakani, ambako wanawake kutoka upande wa Uganda huvuka na vifungu vyao vya kamaleya, uyoga mkavu na ufuta. Anavunja ncha ya kila kifungu, ananusa, anatafuna. Kilichokaushwa kwa moshi wa mikaratusi anakirudisha bila neno.

Gathii aliingia katika maisha yake kupitia kamaleya. Ni mtoto wa mzee Ndung'u, wa familia iliyotoka Nyeri na kulima Trans-Nzoia tangu enzi za babu yao. Alipoanza kuuza viazi sokoni alikuja kula Jumatano moja, akakaa benchi ya tatu, penye nguzo, akainua ule uzi wa kahawia kwa uma.

"Hii ni nini, Mama Mary? Ni kamba?"

"Ni kamaleya. Kula kwanza, uliza baadaye."

"Na nikifa?"

"Utakufa umeshiba."

Alikula, akaongeza. Alikaa benchi ile ile karibu miaka miwili. Mary Ann alikuwa chuoni wakati huo na alikuja kusaidia likizoni. Yaliyofuata hayahitaji maelezo. Wazee wa pande zote mbili walikaa Chwele, mahari ikazungumzwa, watoto wakafunga ndoa kanisani. Jumatatu iliyofuata Gathii aliingia kibandani kama kawaida, akakaa penye nguzo yake na kuagiza matumbo.

Edinah aliweka mwiko chini, akatoka kwa nyuma, akakaa juu ya gunia la makaa akitazama ukuta wa soko.

Phelista ndiye aliyemwendea Gathii. "Gathii bana, kuanzia leo hapa si kwako."

"Nimefanya nini?"

"Umeoa."

"Lakini niko na njaa."

"Njaa rudi nayo ng'ambo. Nitakuletea."

Ndivyo ilivyoanza sahani ya ng'ambo. Kila saa sita na nusu, kabla ya kumpakulia mtu mwingine yeyote, Edinah alichagua kipande kizuri kuliko vyote, akakiweka kwenye sahani ya bati yenye ukingo wa buluu, akafunika kwa sahani nyingine na kusema, "Ya ng'ambo iende." Jina hakulitaja. Phelista alivuka njia na sahani na kurudi nayo ikiwa tupu.

"Amesema asante."

"Nani?"

"Ng'ambo."

"Haya."

Miaka minne. Ninaweza kushuhudia kwamba hakuna mtu sokoni aliyekula vizuri kuliko Gathii, na kwamba Edinah hakuwahi kumwona akitafuna tonge hata moja.

Sheria hiyo ina mlango wa kutokea, na ni lazima niuseme, kwa sababu hapo ndipo kosa lilipo. Kwa ukoo wao, ndoa ikishatulia, mkwe huleta blanketi, mama mkwe huchinja kuku, na ndugu wa kiume wa mama mkwe huketi kama shahidi. Blanketi linatandazwa mabegani mwa mama, wawili hao wanapeana mkono, wanakula kuku pamoja. Kuanzia hapo wanaweza kukaa meza moja, kusemezana na kusafiri pamoja kama watu wengine. Waliotunga sheria hii hawakukusudia imfunge mtu mpaka kaburini.

Gathii alinunua blanketi mwaka wa kwanza. Lilikaa kabatini, ndani ya karatasi yake ya plastiki. Sifuna, ndugu yake Edinah anayeishi Chwele, alipanga siku mara tatu, na mara tatu dada yake akaahirisha. Mara ya kwanza shule zilikuwa zinafunguliwa na soko limejaa wazazi. Mara ya pili ilikuwa msimu wa mavuno na malori ya mahindi yamepanga foleni mjini, madereva wote wanakula. Mara ya tatu sababu haikuwepo, na Sifuna alimpigia simu. Nilikuwa nimekaa karibu na magunia nikasikia upande wa Edinah wote, na wa Sifuna karibu wote, kwa sababu ni mtu wa sauti.

"Dada, huyu kijana ameshika blanketi mwaka wa tatu sasa. Litaliwa na nondo."

"Nondo gani? Si liko kwa karatasi."

"Na wewe uko kwa nini?"

"Niko kwa kazi. Jumamosi ni siku ya kuku, Sifuna. Nikifunga, watu wanaenda kwa jirani, na wakizoea huko hawarudi."

"Siku moja tu?"

"Siku moja ndiyo watu wanazoea nayo."

Wakati huo Mary Ann alikuwa karani katika ofisi ya serikali Bungoma, na alipanga nyumba huko. Gathii alikwenda kwake mwisho wa wiki na mara nyingine katikati. Mwaka jana Mary Ann alipata mimba. Alikuja Kitale ikiwa ya miezi mitano, akakaa jikoni nyuma ya magunia na mama yake, akala sahani mbili za kamaleya. Phelista alikuwepo. Mary Ann alimwambia mama yake kwamba rafiki yake wa chuo aliingizwa chumba cha upasuaji kujifungua na hakutoka.

"Mayi, siku ikifika wewe uwe hapo. Wakisema kisu, sikubali kama hujafika."

"Nani amesema kisu?"

"Nasema tu."

"Nitakuwa hapo," Edinah alisema. "Kula."

Hiyo ndiyo ahadi. Alimwahidi binti yake kitu kimoja, na hakikuwa chakula.

Ilikuwa Jumatano ya mwezi wa saba, saa saba kasoro mchana. Benchi zote zilikuwa zimejaa. Mwanamke anayeitwa Jeruto, muuza maziwa ya mala ambaye hana siku anayokosa la kusema, alikuwa amekaa mwisho wa meza yangu. Sahani ya ng'ambo ilikuwa imepelekwa na kurudi haijaguswa, na Phelista alikuwa anaishangaa. Hapo tukamwona Gathii amesimama mlangoni. Hakuingia. Alisimama ubavu, amegeuza uso kuelekea njia, kama alivyofundishwa. Nimeona kwamba aliyefundishwa adabu za watu wengine akiwa mtu mzima mara nyingi huogopa kuzikosea hata kuliko wenyewe.

Nyuma ya magunia Edinah alikuwa ameshasikia sauti yake. Alijifunika leso na kugeukia ukuta.

"Phelista, kuja," Gathii alisema. "Mwambie Mama kuna mtu Bungoma anamtaka."

Phelista aligeuka. Edinah alikuwa hatua mbili tu kutoka kwake, amesikia kila neno. "Mama Mary, amesema kuna mtu Bungoma anakutaka."

"Muulize kuna nini."

"Ameuliza kuna nini."

Gathii aliwatazama watu waliokaa. Tulikuwa karibu thelathini, wengi wanaume, na tulikuwa tumeacha kutafuna ili tusikie.

"Mwambie si kitu kubwa," alisema. "Lakini ni vizuri aende leo. Mimi naenda sasa hivi na pikapu. Kuna nafasi."

"Nafasi wapi, Gathii?" Jeruto aliuliza. "Mbele na wewe?"

Watu walianza kucheka.

"Ama unataka akae nyuma juu ya viazi na kitabu cha nyimbo, kama kwaya?"

"Ati mkwe na mama mkwe goti kwa goti mpaka Bungoma!" alisema dereva mmoja wa lori. "Hiyo ni mbuzi wangapi wa kutakasa, bana?"

"Mbuzi wa kwenda na mbuzi wa kurudi," Jeruto alisema.

Kibanda kizima kilicheka. Mimi pia nilicheka. Nyuma ya magunia Edinah alicheka ndani ya leso, na Gathii mwenyewe alicheka kwa mdomo huku akitazama viatu vyake. Kisha Edinah akasema, akiuambia ukuta, "Huyo anataka kamaleya. Tangu apate hiyo mimba ni kamaleya tu. Phelista, lete ile hotpoti."

Alikijaza mwenyewe chombo hicho cha kutunza chakula kikiwa moto. Aliongeza karanga, akafunga kifuniko, akaifunga kitambaa cha kijani. "Mwambie nitakuja Jumamosi nikifunga."

Phelista aliupeleka ujumbe pamoja na hotpoti. Gathii aliipokea kwa mikono miwili. Hakuondoka mara moja. Alisimama pale kwa muda ambao mtu angemaliza nusu chapati, mdomo umefunguka kidogo.

"Si uende, chakula itapoa," Jeruto akamwambia.

Akaenda.

Miezi kadhaa baadaye nilimuuliza Gathii kwa nini hakusema. Aliniambia kwamba asubuhi ile mfanyakazi mwenza wa Mary Ann alikuwa amempigia simu. Mary Ann alikuwa ameanguka ofisini, anaona giza, presha imepanda, miguu imevimba. Walimpeleka hospitali, simu yake ikabaki ofisini. Daktari alisema mtoto atolewe kwa upasuaji mara moja, na Mary Ann akasema hatatia sahihi mpaka mama yake afike. Gathii alijua yote haya akiwa amesimama mlangoni.

"Ningesema aje?" aliniuliza. "Mimba, damu, kupasuliwa. Kwa mama ya bibi yangu. Mbele ya watu hao wote wanakula. Hata kama si wao, hayo maneno mkwe haambii mama mkwe. Hata Phelista angeyapeleka kwa jina langu."

"Ungemwita Phelista kando."

"Ningemwita," alisema.

Edinah alipiga simu ya Mary Ann saa tisa. Iliita bila kujibiwa. Alidhani amekula, amelala. Aliosha masufuria, akapanga pesa za Lwakhakha, akaenda nyumbani.

Gathii alifika hospitali saa tisa na nusu. Mary Ann alikuwa amelala ubavu na macho yamefumbwa kwa sababu mwanga ulimuumiza. Alisikia mlango, akauliza, "Mayi?"

"Ni mimi."

"Mayi yuko wapi?"

Gathii aliweka hotpoti juu ya meza ndogo. "Ametuma hii."

Mary Ann alisema iwekwe chini ya kitanda. Alisubiri saa moja zaidi. Kila gari lilipoingia langoni alimwambia Gathii atoke aangalie. Saa kumi na nusu aliomba kalamu. Mtoto alikuwa wa kike, na alitoka amekufa. Daktari alimwambia Gathii kwamba saa zile za kungoja zilikuwa nyingi mno. Hakusema kwa ukali. Alikuwa mtu wa kusema mambo jinsi yalivyo.

Habari ilimfikia Edinah kesho yake asubuhi. Gathii hangeweza kumpigia, kwa hiyo alimpigia Sifuna, na Sifuna akampigia dada yake. Edinah alikuwa Lwakhakha, amechuchumaa mbele ya muuzaji wake, ncha ya kamaleya iko kati ya meno.

"Uko wapi?" Sifuna aliuliza.

"Lwakhakha."

"Nenda Bungoma sasa."

"Kuna nini?"

"Mary Ann yuko. Mtoto hayuko."

Edinah aliniambia kwamba alimeza kile kipande. Halafu akaendelea kuchagua. Kulikuwa na vifungu kumi na viwili mbele yake, naye akavunja ncha za vyote, akanusa, akatafuna, akarudisha viwili, akalipa, akafunga gunia. Anakumbuka kwamba muuzaji alimuuliza kama ni mgonjwa, na kwamba alimjibu kuwa hajambo. Hakuhisi chochote. Aliniambia hivyo kama mtu anayetaja uzito wa gunia.

Alifika hospitali kabla ya saa sita. Muuguzi alimwonyesha wodi. Kwenye benchi karibu na mlango wa wodi alikuwa amekaa Gathii, ameshika kichwa. Edinah aliona viatu vyake kwanza.

Akajifunika leso, akageuka, akatoka nje. Alisimama kando ya ukuta ambapo ndugu za wagonjwa huanika nguo, gunia la kamaleya miguuni, akangoja. Alingoja karibu saa nzima, mpaka Gathii alipotoka kwenda kununua maji. Ndipo alipoingia kwa binti yake.

Mimi ninaiheshimu sheria. Nimeilea nyumba yangu kwa sheria, na sijuti. Lakini saa ile moja ukutani sijaweza kuitetea, ingawa nimejaribu.

Mary Ann alikuwa amegeukia ukuta.

"Mayi."

"Mwanangu."

"Nasikia harufu ya moshi."

"Nimetoka Lwakhakha."

"Najua. Jana ilikuwa Jumatano, leo ni Lwakhakha. Hotpoti yako iko chini ya kitanda. Ibebe."

Edinah aliinama na kuitoa. Ilikuwa nzito kama ilivyoondoka Kitale, kitambaa cha kijani bado kimefungwa kwa fundo lake mwenyewe.

"Hukula hata kidogo?"

"Sikuitisha chakula."

"Gathii hakusema. Alisema si kitu kubwa."

"Angekuambia akiwa wapi, Mayi?"

Edinah alikaa kwenye ukingo wa kitanda, hotpoti mapajani, mpaka saa ya wageni ikaisha.

Mtoto alizikwa shambani kwa mzee Ndung'u, nje ya Kitale. Edinah alisimama upande wa wanawake, Gathii upande wa wanaume, na kati yao kulikuwa na watu wa kutosha. Wiki tatu baadaye, siku ya Jumamosi, Sifuna hakuuliza tena. Alikuja Kitale mwenyewe, akafunga mlango wa kibanda kwa kufuli lake, akamchukua dada yake mpaka Chwele. Kuku alikuwa ameshachinjwa. Gathii alitoa blanketi ndani ya karatasi, akalitandaza mabegani mwa Edinah. Walipeana mkono. Walikula. Sifuna anasema hapakupita hata nusu saa tangu blanketi litoke mpaka mkono utolewe.

"Ni hii tu?" Gathii alimuuliza.

"Ni hii tu," Sifuna alijibu. "Ulidhani ni nini?"

Mary Ann alikuwepo. Alikaa karibu na mlango na kikombe cha maji.

Jumatatu Edinah alifungua kibanda. Wateja walikuja wote. Dereva wa lori alikuja. Jeruto alikuja, na kwa mara ya kwanza ninayoijua alikula bila kusema neno. Hakuna hata mmoja aliyezoea kwa jirani. Nilimwona Edinah akituhesabu kwa macho, benchi kwa benchi, na alipofika mwisho akarudi jikoni.

Wapo sokoni wanaosema kwamba lawama ni ya mila, na kwamba mambo haya yafutwe, watu waishi kisasa. Sikubaliani nao. Mila ilikuwa imeweka mlango na ufunguo ukiwa juu yake. Edinah alishika nusu iliyomfaa, ile ya kujifunika leso, ambayo haikumpunguzia mteja hata mmoja, na akaiacha nusu iliyomdai siku moja ya biashara. Akaiita nusu hiyo heshima. Nasi tuliokula kwake tuliiona, tukaifanya mzaha wa kutelemshia ugali. Anayechukua sheria aichukue nzima.

Siku hizi Gathii hula benchi ya tatu, penye nguzo. Sahani yenye ukingo wa buluu Edinah humpelekea mwenyewe.

"Karibu, mkwe."

"Asante, Mama. Leo mrenda ni mtamu."

"Kula."

Wanasemezana vizuri. Humtazama usoni anapomwambia kwamba karanga zimepanda bei au kwamba mvua imekataa. Anaongea naye kama anavyoongea na sisi wengine, na anaongea nasi sasa kama mtu anayegonga muhuri. Chakula hakijaharibika. Maji ya majivu bado huyachuja mwenyewe, na kamaleya ya Jumatano ni ile ile. Nilimuuliza Phelista kama mama huyu huonja anapopika. Alisema huonja, hutikisa kichwa kukubali, na kuendelea.

Mary Ann huja Jumatano moja kila mwezi, akichukua ruhusa kazini. Haji kwa ugomvi. Humsalimia mama yake kwa mkono, humuuliza mgongo unaendeleaje, hufunga aproni na kuosha vyombo mpaka vinaisha. Saa sita na nusu Edinah humpakulia kamaleya, sahani imejaa, na kuiweka mbele yake juu ya plastiki yenye maua.

"Nimeshiba, Mayi."

"Umekula nini?"

"Mkate."

Mkate wenyewe huwa ndani ya mkoba wake, nusu imebaki, na soda ya chupa ya plastiki. Nimeuona. Edinah hufunika sahani ile kwa sahani nyingine na kuiacha mezani. Saa kumi Mary Ann akiondoka na Gathii kwenye pikapu, Phelista hurudisha chakula kwenye sufuria.

Mwezi uliopita nilikuwepo. Gathii alikuwa anakula kamaleya benchi ya tatu, na mke wake amekaa mkabala naye, mikono juu ya meza, akimngoja amalize. Edinah alisimama penye magunia akiwatazama wote wawili. Sasa anaruhusiwa kutazama.

Kushika nusu ya sheria kulimgharimu Edinah Nakhungu mjukuu wa kike ambaye hakupewa jina, na binti aliye hai ambaye hajala chakula chake tangu siku hiyo.